Koo la Msemaji

Koo la Waithaka lilianza kuuma Jumanne asubuhi, na kufikia jioni lilikuwa limepata madaktari tisa, wote majirani, wote wa bure. Mtaa wa Rhonda ndivyo ulivyo. Maji yatapotea wiki mbili na stima iyafuate, lakini mtu wa kukuambia dawa ya ugonjwa wako hakosekani hata siku ya Krismasi.

Muuza mitumba alisema ni baridi. Fundi viatu alisema ni vumbi la barabara, ile barabara inayotengenezwa kila mwaka wa kura. Mama mmoja wa kanisani alisema ni kijicho, maana Waithaka ana mdomo wa dhahabu, na binadamu hapendi dhahabu ikiwa mdomoni mwa mwenziwe. Kila mmoja alimwachia Wariara, mke wa Waithaka, dawa yake: tangawizi, ndimu, kitunguu saumu, na majani ya mti ambao hata aliyeyaleta hakuujua jina. Wa mwisho alileta chupa ya mafuta ya taa na kijiko.

"Anywe kijiko kimoja tu," alisema. "Marehemu babangu alikuwa akinywa hii kila akishikwa na koo."

"Marehemu alikufa na nini?" Wariara akauliza.

Jirani akafikiri. "Hatukuwahi kujua vizuri."

Wariara akamrudishia chupa. Kijiko akabaki nacho.

Hiyo ya mdomo wa dhahabu haikuwa sifa ya uongo. Siku za kazi Waithaka alikuwa seremala wa vitanda na milango, na Jumamosi alikuwa msemaji. Familia ikipata binti wa kuozwa, ilimkalisha kiti cha mbele kwenye ruracio, yale mazungumzo ya mahari, naye akaongea kwa mafumbo mpaka wageni wakasahau walikuwa wamekuja na mbuzi wangapi kichwani. Na Jumamosi hii haikuwa ya mtu wa mbali. Ilikuwa ya Becky, binti wa Muiruri. Muiruri ni ndugu mdogo wa Waithaka, yule aliyebahatika akahamia Section 58, mtaa wa wenye pesa, akaanza kusema "huko kwenu" akimaanisha mtaa aliokulia.

"Baba Jamleck, twende hospitali," Wariara alisema Jumatano, alipoona mandazi mawili yamerudi kwenye sahani bila kuguswa. Alikuwa akikaanga mandazi miaka kumi na saba, na hakuna siku mumewe alimrudishia hata moja.

"Hospitali ya nini? Koo ni kama mvua. Hunyesha ikaisha."

"Na mafuriko je?"

"Wariara, sikiliza. Nikionekana kwa foleni ya hospitali leo, Jumamosi wageni watakuwa wamesikia msemaji wa akina Muiruri ni mgonjwa. Watakuja na bei ya mgonjwa." Akashika shingo na kumeza kwa taabu. "Nenda kwa Odero."

Odero wa duka la dawa hakuwa daktari, lakini alikuwa na koti jeupe, na Rhonda koti jeupe ni digrii.

"Mathe, nikufungie antibayotiki za pesa ngapi?"

"Kwani hizo hupimwa kama sukari?"

"Dozi nzima ni ya wiki. Lakini wengi hununua za mia."

Wariara akanunua za mia. Odero akafunga vidonge sita kwenye karatasi, akampa chenji, halafu akainama juu ya kaunta na kusema kwa sauti ndogo, kama mtu anayefichua siri itakayomfungia duka: "Lakini mathe, akishindwa kumeza mate, ama mdomo ukatae kufunguka, ama aanze kuhema kwa shida, usirudi hapa. Mkimbize hospitali. Dawa ya hiyo hatuna."

Waithaka alimeza vidonge vitatu. Alhamisi akapata nafuu kidogo, akaona hakuna haja ya kuviharibu vilivyobaki. Akaviweka juu ya kabati, pamoja na nusu dozi ya kila ugonjwa uliowahi kupita katika nyumba ile. Kuna watu huweka akiba benki, yeye aliweka huko.

Ijumaa ugonjwa ulirudi na jamaa zake wote.

Maumivu yalihamia upande wa kulia, yakapanda mpaka sikioni. Mwili ukachemka. Ile sauti ya dhahabu ikawa ya mtu anayeongea huku ameweka kiazi cha moto juu ya ulimi. Vijiko viwili vya uji vilipita, cha tatu kikarudi. Na mate, ambayo hata mtoto mchanga humeza bila kufundishwa, Waithaka alikuwa akiyatema kwenye kitambaa. Kitambaa kikilowa upande mmoja, anageuza wa pili.

Wariara alihesabu maneno ya Odero kwenye vidole. Mate, ndiyo. Kuhema, bado. Mdomo hakujua, kwa sababu tangu asubuhi mumewe alikuwa akijibu kwa kutikisa kichwa.

"Simama uvae koti," alisema.

Waithaka akatikisa kichwa. "Khesho," alisema, akimaanisha kesho. "Khesho jioni."

Wakati huo Muiruri akapiga honi nje. Wariara alifungua mlango kwa furaha, kwa kuwa gari limekuja lenyewe. Lakini Muiruri hakuwa amekuja kumpeleka mtu popote. Alikuwa ameleta mzee mwembamba mwenye mkoba wa ngozi.

"Shida ni kimeo tu, Mama Jamleck," Muiruri alisema, hata hajaketi. "Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Kimerefuka. Huyu mzee anakikata dakika mbili, kesho kaka anaongea kama redio."

"Anakikata na nini?"

Mzee akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na wembe, uzi, na unga wa kahawia kwenye kopo la siagi.

"Huo wembe umechemshwa?"

"Mama, huu wembe umekata watu arobaini," mzee akasema kwa kiburi, kama vile hilo ndilo lilikuwa jibu.

"Na wangapi walirudi kukushukuru?"

"Mama Jamleck, wacha mzee afanye kazi," Muiruri akaingilia. Mkataji akamwinamia mgonjwa. "Fungua mdomo, mzee mwenzangu."

Waithaka alijaribu. Taya lilishuka upana wa kidole kimoja, likakwama. Mkataji akachungulia kulia, akachungulia kushoto, akajaribu kupitisha kijiti. Waithaka akatoa mlio ambao paka wa jirani aliujibu. Mkataji akasimama, akafunga mkoba.

"Mlango umefungwa," alisema. "Mtaniita ukifunguka."

Hivyo ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyomwokoa Waithaka na dawa.

"Baba Becky, umejionea," Wariara alisema. "Mdomo umekataa. Mtu kama huyu ni wa hospitali, tena leo."

"Kesho jioni. Nitampeleka mwenyewe, kwa gari langu." Muiruri alikuwa amekwisha shika kitasa. "Tenti imesimama. Mbuzi wamechinjwa. Wageni wanatoka Ndabibi na gari la kukodi. Nikikosa msemaji, nitasemewa na nani? Na wewe?" Akacheka. "Kaka, kesho useme maneno matano tu. Mengine nitamalizia."

Waithaka alikuwa mtu wa kuthamini heshima kuliko pumzi. Akainua mkono, vidole vitano vikiwa wazi. Matano atayaweza.

Wariara aliangalia kile kiganja. Wanaume wawili wazima walikuwa wamefanya mkutano, wakapitisha kwamba koo lingoje.

*

Akina Sitati walikuwa Waluhya waliolima Ndabibi tangu wazee wao walipohamia huko, na kijana wao Lewis ndiye wa kwanza kuoa kwa Wakikuyu. Njiani waliusiana vizuri: Wakikuyu wana mila zao. Ukiona jambo usilolielewa, usiulize, usishangae, usicheke. Ni mila.

Waliingia nyumbani kwa Muiruri saa sita, suti zimenyooshwa mpaka zinakata. Wanaume wakaketi sebuleni kwenye viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe. Wanawake wakabaki jikoni na nyama. Mlango wa katikati ukafungwa, lakini ulikuwa na ufa, na ufa huo Wariara aliujua kwa sababu mumewe ndiye aliyeutengeneza ule mlango na Muiruri hakuwahi kumalizia malipo.

Mjomba wa Lewis, mzee Sitati, akasimama. "Sisi ni watu wa amani," alianza. "Kijana wetu alipita hapa akaangusha moyo wake. Hatujui mliuweka kwa kabati ama kwa friji. Tumekuja kuuliza."

Watu wakacheka. Macho yote yakamgeukia Waithaka. Siku nyingine angejibu hapo hapo kwamba moyo uliokotwa lakini ulikuwa na njaa, umekula, na chakula kina bei. Leo alifumba macho, akajaribu kumeza, akashindwa, akatikisa kichwa polepole kwa maumivu.

Sitati akaona amekataliwa hata kabla hajaanza.

"Hatujaja mikono mitupu," aliongeza haraka. "Mbuzi ishirini."

Waithaka akachukua kitambaa, akatema mate, akakikunja.

"Ishirini na tano," Sitati akasema.

Msumari wa moto ukapita kwenye sikio la Waithaka. Akaguna.

"Thelathini!" Sauti ya Sitati ilipanda kama ya mtu aliyekanyagwa. "Na tunaomba ruhusa tutoke nje kidogo, tushauriane."

Walikwenda kushauriana kando ya tangi la maji, chini ya dirisha la jikoni. Wariara alikuwa akimenya viazi pale ndani, kisu kikasimama.

"Huyu mzee ni jiwe," Sitati alikuwa akisema. "Nimezungumza mahari miaka ishirini, sijaona mtu wa kukataa mbuzi kwa kutema mate. Na thelathini ndiyo mwisho wetu."

"Lakini anko, mate ni baraka kwao," Lewis alisema. "Wazee wao hubariki hivyo. Nilisoma."

"Basi huyu anatubariki mpaka tufilisike."

Wariara akaweka kisu chini. Alimkuta Muiruri kwenye korido, anajipangusa jasho kwa furaha.

"Baba Becky, mtoe mume wangu huko. Nimemwona kwa ufa. Shingo imevimba upande mmoja."

"Mama Jamleck, usiniharibie. Kaka yangu hajawahi kuongea vizuri hivi."

"Hajasema neno!"

"Ndiyo maana! Subiri kidogo. Thelathini na tano, na tunafunga."

"Thelathini na tano ni nini, joto lake? Kama ni joto, alikwisha kuipita Ijumaa."

"Mila ni mila," Muiruri alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Mwanamke haingii kwenye mazungumzo. Ukiingia, utatozwa faini mbele ya wageni, na aibu itakuwa ya mumeo." Akaingia sebuleni. Wariara akasikia komeo likigeuzwa.

Alisimama pale akiangalia ule mlango. Kwa upande wa pili, katikati ya vicheko na sauti za vikombe, kulikuwa na mlio mwingine, mwembamba, wa kuvuta. Alikuwa amelala kando ya milio ya yule mtu miaka thelathini na moja. Huu hakuwa amewahi kuusikia.

*

Chumba cha kulala kilikuwa kimejaa leso na harufu ya mafuta ya nywele. Wasichana walikuwa wakijiandaa kwa ile sehemu wageni huipenda zaidi: bibi harusi hufunikwa leso kutoka kichwani mpaka miguuni, pamoja na wenzake, wote wakapangwa mstari, na kijana akaambiwa amtoe wake. Akikosea, faini.

Mmoja wa wasichana hao alikuwa Chesang, rafiki wa Becky tangu shule, ambaye sasa alikuwa kliniko ofisa, yule mtabibu aliye chini ya daktari, katika hospitali ya serikali. Wariara alimshika mkono hata bila salamu.

"Chesang, mwanangu. Mume wangu ameumwa koo siku tano."

Chesang alikuwa akipaka mdomo rangi. "Anameza, tata?" aliuliza, akimwita shangazi kama Becky alivyomwita.

"Hata mate hapana."

Rangi ikasimama. "Mdomo anafungua?"

"Kidole kimoja."

"Sauti?"

"Kama ana kiazi cha moto ndani."

"Na kuhema?"

"Anakoroma. Na yuko macho."

Chesang akafunga kile kichupa cha rangi. "Huyo hangoji mbuzi, tata. Huyo ni wa hospitali saa hii."

"Wamefunga mlango. Baba Becky amekataa."

"Watafungua wakituita sisi," Chesang alisema.

Wakamwangalia Becky. Siku ilikuwa yake. Alikuwa ameisubiri mwaka mzima, alikuwa amesukwa nywele kwa saa sita, na hata alikuwa amemtumia Lewis ujumbe kwa siri, kwamba amtafute wa pili kutoka mlangoni.

"Aki baba ataniua," Becky alisema. Kisha akachukua leso ya ziada, akamrushia Wariara. "Vaa, tata. Mimi nitaolewa hata kesho. Baba mkubwa ana koo moja."

Walipoitwa, waliingia wanne badala ya watatu, wamefunikwa kama magunia ya viazi siku ya mvua. Wanaume walipiga makofi, na hakuna aliyehesabu. Wanaume wakianza kuhesabu mbuzi, vingine huwapita. Wariara hakuona kitu ila sakafu. Akafuata ule mlio wa kuvuta pumzi mpaka akaona viatu vya mumewe, vile vya kahawia alivyompakia rangi mwenyewe asubuhi. Akasimama mbele yake. Kwa kufanya hivyo, alikuwa amejisukuma mahali pa pili kutoka mlangoni.

Lewis akapita mbele ya mstari akijidai anafikiri. Akarudi. Akahesabu kwa kidole nyuma ya mgongo. Akashika mkono wa yule wa pili, akasita kidogo kwa sababu mkono ulikuwa na makovu ya mafuta ya mandazi, lakini ujumbe ni ujumbe.

"Ni huyu," alitangaza. "Hata nikifungwa macho, moyo wangu unamjua."

"Mfunue!" Muiruri akapiga kelele, na tayari alikuwa amenusa faini.

Leso ikaanguka.

"Asante, mwanangu," Wariara alisema. "Lakini mimi nimeolewa. Na mwenyewe ndiye yule pale, anakufa."

"Faini!" Muiruri akaruka. "Faini mbili! Kijana amekosea, na mwanamke ameingia!"

Chesang alikwisha tupa leso yake, amepiga magoti mbele ya Waithaka na tochi ya simu. "Baba, fungua mdomo kadiri unavyoweza. Hivyo hivyo. Pole." Aliangalia kidogo tu. "Upande wa kulia umevimba, umesukuma kimeo mpaka ng'ambo. Ni jipu, liko kando ya tonsili. Likiziba hapa, hewa haitapata pa kupita."

"Dakika kumi," Muiruri aliomba. Alikuwa ameshika kikombe cha kufungia makubaliano. "Anywe kidogo tu, tufunge, halafu..."

"Anywe na nini?" Wariara akauliza. "Na sikio?"

Mzee mmoja wa upande wa Muiruri akasema wageni hawawezi kuondoka kabla ya kula, ni aibu. Mwingine akasema mgonjwa akitolewa katikati ya ruracio, ndoa hiyo haina bahati. Wa tatu akauliza kama kuna mtu mwenye ndimu. Na wakati wanaume wale wakitafuta mila inayoruhusu mtu kwenda hospitali, Waithaka aliinama mbele, mate yakamtoka mdomoni bila kungoja kitambaa, na mabega yakaanza kupanda na kushuka kwa kila pumzi.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa mzee Sitati.

"Gari letu liko mlangoni," alisema, "na dereva hajashuka. Lewis, shika upande ule." Akamwinua Waithaka kwa kwapa. Walipokuwa wakitoka, akamwambia Wariara bila kumtazama usoni: "Mama, utusamehe. Mpaka mbuzi wa thelathini nilidhani ni mila. Baada ya hapo niliona ni ugonjwa."

"Na ukanyamaza?"

"Mgeni atamwambiaje mwenyeji kwamba kuna mtu anakufa kwa kiti chake?"

Wariara akapanda. Jibu lingekuwa refu, na gari lilikuwa limewashwa.

*

Hospitalini hakuna aliyeuliza habari za mbuzi. Waliuliza ameanza kuumwa lini, na watu wanne wakajibu siku nne tofauti mpaka Wariara akawaambia watoke. Daktari akatumia dawa ya ganzi, kisha sindano ndefu, na kutoka nyuma ya koo la msemaji mashuhuri wa Rhonda ukavutwa usaha vijiko viwili, unaonuka kama deni la zamani. Kufikia jioni alikuwa kwenye kitanda, dripu mkononi, joto limeshuka. Akaletewa maji. Wariara aliangalia lile koo likipanda na kushuka mara tatu, maji yakaenda kunakostahili, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipokumbuka kuketi.

Waithaka akageuza kichwa. Alikuwa ametoka mlangoni mwa kaburi, na mkewe akasogea asikie neno lake la kwanza.

"Walifika wangapi?"

"Nani?"

"Mbuzi."

"Baba Jamleck," Wariara alisema, "siku tano nimekubembeleza ufungue mdomo. Sasa nakubembeleza uufunge."

Jumapili baada ya kanisa Muiruri alikuja na ndizi, machungwa, na uso wa mtu aliyetumwa. Aliuliza hali, akasema Mungu ni mkubwa, akamenya ndizi moja akaila mwenyewe. Kisha akakohoa.

"Wazee walikaa jana mlipoondoka," alisema. "Kijana alisamehewa. Lakini Mama Jamleck, wewe... unajua mila. Wamekutoza mbuzi mmoja, wa kiume, aliyenona."

"Sawa," Wariara alisema. "Nitatoa. Waambie waandike vizuri kwenye kitabu chao: faini ya mwanamke aliyekataa kuwa mjane."

Muiruri akaangalia dirisha. Kwenye kitanda, Waithaka akainua kidole. Sauti yake ilikuwa bado na kutu, lakini ilikuwa yake.

"Na uandike hili pia. Mahari ya Becky ni thelathini. Wale watano wa juu uliokuwa ukiwangojea, sikuwaomba mimi. Waliombwa na jipu, na jipu limetolewa."

"Lakini kaka, walikuwa karibu kukubali!"

"Thelathini. Na Sitati akija tena, umpe Wariara kiti mbele ya ule ufa wa mlango wako."

Muiruri akawatazama mmoja mmoja. Alipoona hakuna anayemhurumia, akashika shingo yake mwenyewe na kukunja uso.

"Hata mimi si mzima," alisema. "Tangu jana koo linawasha. Ijumaa niligusa kikombe cha kaka. Nadhani hata mimi nilazwe, kabla haijakuwa mbaya."

Wariara akamgeukia. Usiku mzima alikuwa amekaa kwenye benchi na Chesang, na hakuna swali aliloacha bila kuuliza.

"Meza mate."

Muiruri akameza.

"Fungua mdomo. Zaidi. Zaidi." Mdomo wa Muiruri ulifunguka vizuri kabisa, angeweza kupitisha trei ya mandazi. Wariara akamgusa paji la uso kwa nyuma ya mkono, akampapasa shingo pande zote mbili, akaweka sikio karibu na pua yake. "Una kamasi?"

"Kidogo. Na kukohoa kidogo."

"Koo lako ni la mafua. Nenda nyumbani. Maji ya vuguvugu na chumvi, usukutue uteme. Kunywa chai. Usiguse vidonge vya mtu, na usimlete yule mzee na wembe wake. Likipita siku tatu, nne, bila kupungua, ama ukipata joto kali, uje upimwe. Mate yakikataa kupita, ama kuhema kukiwa kazi, usingoje hata dakika ya kuvaa viatu."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Muiruri aliangalia dripu ya ndugu yake. Akaangalia shuka, na kile kiti cha wageni, na machungwa aliyoleta mwenyewe.

"Hata sindano?"

"Hata sindano."

Akabaki amekaa pale ukingoni mwa kitanda, akijikohoza pole pole, kama mtu aliyepeleka mbuzi wake sokoni akaambiwa hana bei.